Mjadala: Mitumba na AGOA, nani hasa aliamua?

Mleta mada:
Wakuu, salaam. Mwaka 2016 viongozi wa Jumuiya ya Afrika Mashariki walikubaliana mitumba iondoke sokoni taratibu hadi 2019, viwanda vyetu vya nguo vipumue. Mwaka uliofuata, chama cha wafanyabiashara wa nguo kuukuu Marekani kikalalamika serikalini kwao: hawa wakikataa mzigo wetu, waondolewe AGOA, ule mpango wa tangu 2000 wa kuuza bidhaa kule bila ushuru. Kenya ikanywea mapema, maana viwanda vyake vya Athi River vinashonea soko hilohilo. Tanzania na Uganda zikafuata. Rwanda ikagoma. Ilikuwa imepandisha ushuru wa mitumba kutoka senti 20 za dola hadi dola 2.50 kwa kilo, haikurudi nyuma, na Julai 2018 nguo zake zikafutiwa msamaha wa ushuru kule Marekani.

Tusidanganyane kwamba hiyo ni biashara huru. AGOA ni sheria ya Bunge lao. Hatukuiandika, na rais wao ndiye anayepima kila mwaka nani anafaa.

Mchangiaji 1:
Mkuu, umewahi kufungua belo wewe? Mimi nipo soko la Karume, Dar. Saa kumi na moja alfajiri nakata kamba, wateja wamenizunguka na tochi za simu. Mashati matatu ya juu yakitoka na madoa ya kwapani, mtaji umeshaanza kuyeyuka. Ada za wanangu zimo humo. Sasa hao viongozi walipokubaliana, nani aliniuliza? Wauza mitumba wa Marekani walilalamika kwao wakasikilizwa. Mimi ningelalamika wapi?

Mleta mada:
Hapo umenibana, sikatai. Ila belo lako limeanzia kwenye nguo ambazo mtu kazitoa bure. Fundi wa hapa ananunua kitambaa, analipa umeme na kodi. Atashindana vipi?

Mchangiaji 2:
Pamba ya Simiyu na Shinyanga nyingi inaondoka ghafi. Mitumba ikizuiwa kesho, pengo litazibwa na nguo mpya za China. (Kiwanda chenyewe cha nguo cha Urafiki, pale Ubungo, Dar, kilijengwa kwa fedha za nani kama si za China?)

Mleta mada:
Sawa, tuache mitumba kidogo. Rwanda ilipogoma, kwa nini wenzake waliiacha peke yake?

Mchangiaji 1:
Si umeshasema mwenyewe? Athi River.