Pawa ofu atoni: jenero, ya kazi moja ama ile haifutwi? Bro yuko Doha, ploti iko Nakuru

Mkulima_Bahati
Wadau habarini. Bro wangu anafanya kazi Doha, ana ploti hapa Nakuru upande wa Pipeline, amepata mnunuzi lakini likizo yake ni mwakani. Anataka kunipea pawa ofu atoni, ile karatasi ya kuniruhusu kusaini kwa niaba yake, nimuuzie. Sasa broka anasema tuchukue jenero ndio inabeba kila kitu, wakili wa mnunuzi naye anataka ile haiwezi kufutwa, mimi nimebaki hapo katikati kama mpira. Gani iko sawa na inasainiwa wapi?

Nyar_Kondele
Jenero kwa ploti moja? Wacha kabisa. Ni kumpea mtu funguo zote za boma na alikuwa anaenda choo tu. Mzee wetu alimpea mpwa wake jenero ati amsaidie kukusanya rent Nyalenda, mwaka haujaisha tukasikia ploti ingine ambayo haikuhusiana imewekwa dhamana ya loni. Andikeni ya kazi moja, namba ya taito iwe ndani, na mtaje kila kitu utafanya, kusaini mkataba, kusaini transfa (fomu ya kuhamisha ploti kwa mnunuzi), basi. Pesa iingie akaunti ya bro mwenyewe, sio kwa simu yako, sisemi wewe ni mwizi lakini undugu na pesa ya ploti havikai chungu kimoja.

Mkulima_Bahati
😂 sawa dada nimeskia. Na hiyo ya kutofutwa?

Karani_Milimani
Niko kwa ofisi ya wakili, naona hizi kila wiki. Ile haifutwi inalinda mwenye amepewa, sio mwenye ametoa. Inakuwa na maana mtu akiwa ameshalipia kitu, kwa mfano amemaliza kulipa ploti na transfa imekwama. Wewe huna chako hapo ndani, unamuuzia tu bro, so hata muandike "haifutwi" kwa herufi kubwa akibadilisha nia ataifuta. Na huyo mnunuzi akitaka iandikwe jina lake yeye, amalize kulipa kwanza.

Kusaini, bro aende kwa notari wa huko (afisa wa kushuhudia saini) ama ubalozi wetu Doha asaini mbele yao wapige mhuri. Usimwambie apige picha atume WhatsApp, ofisi ya ardhi inataka karatasi yenyewe, picha za pasipoti, kopi za vitambulisho na PIN za KRA. Ikifika huku ipigwe stempu na irejistiwe KABLA hujasaini transfa. Watu wengi wanakwama hapo, wanasaini transfa halafu ndio wanakumbuka pawa iko kwa droo. Bro kama ameoa, ridhaa ya bibi pia muiulize mapema. Ingekuwa shamba, sio ploti ya taun, mngeomba idhini ya bodi ya ardhi ndani ya miezi 6 tangu mkataba.

BabaTwins_Kakamega
Samahani naingilia. Mama yangu amepata stroki, saa zingine hata hanitambui, naweza mtoa kidole kwa pawa ya benki?

Karani_Milimani
Pole sana ndugu. Hapana, haelewi anachosaini kwa hivyo hicho kidole hakina kazi, hata kama angekuwa amekupea pawa ya kawaida zamani ingeanguka akili ikiondoka. Njia ni korti, unaomba kuteuliwa kusimamia mali yake chini ya sheria ya afya ya akili, nenda na ripoti ya daktari. Na mtu akifariki pawa imekufa naye, hapo ni saksesheni, kesi ya urithi kortini. Kuna watu wanaendelea kutoa pesa na pawa ya marehemu, hiyo ni kesi inawangoja.

Mkulima_Bahati
Asanteni. Bro anaenda ubalozi Alhamisi. Lakini sasa nimeangalia taito, imeandikwa majina mawili, kitambulisho kina matatu.

Karani_Milimani
Mwambie asisaini bado. Aapie afidaviti hapo hapo ubalozini kwamba hayo majina yote ni ya mtu mmoja, na pawa iandikwe yote mawili, jina la taito na la kitambulisho.

Nyar_Kondele
Na broka umwambie ni ya kazi moja, uone sura yake