Barua aliyoisaini rais kwa profesa ni mali ya nani?

Mwanzilishi: Chukueni barua ya Roosevelt, rais wa Marekani, kwa Vannevar Bush, aliyekuwa profesa wa uhandisi kisha akaongoza utafiti wa kivita wa nchi hiyo, 17 Novemba 1944. Maswali manne tu: maarifa ya kivita yatangazweje bila kuhatarisha usalama, magonjwa yapigwe vita vipi, utafiti usaidiweje, vijana wenye vipaji wapatikane wapi. Jibu lilikuja Julai 1945, Roosevelt keshafariki, na National Science Foundation, shirika la serikali ya Marekani linalofadhili utafiti, ikazaliwa 1950. Karatasi nzito hivyo watoto wa profesa waipige mnada? Nakataa. Ni ya umma.

Wakili wa Ngara: Pole pole. Barua ikishatumwa, kwa kawaida karatasi ni ya mpokeaji. Nakala ya kaboni ndiyo hubaki kwa rais. Hata hiyo nakala, nchini Marekani ilihesabiwa mali ya rais binafsi hadi sheria ya 1978, inayoshika nyaraka za kuanzia Januari 1981. Roosevelt alizitoa zake kwa hiari.

Dalali: Umma gani, na faili hupotea mchana kweupe? Bei iko kwenye sahihi. Hakikisheni si ya mashine ya kusaini (autopen), maana Rais Kennedy aliitumia sana. Kisha piga laminesheni, tundika sebuleni.

Faili la Kijani: Laminesheni! Ndugu yangu, huo ni uharibifu. Gundi ya ile plastiki huyeyuka kwa joto na kuingia kwenye nyuzi za karatasi. Kuibandua ni kuichana. Asidi nayo inafungiwa humo humo.

Dalali: Nimezungumzia sahihi, wewe umeshika plastiki.

Faili la Kijani: Kwa sababu plastiki ndiyo itakayoimaliza hiyo sahihi yako! Haya, sahihi: shika lenzi ya mara kumi. Mkono hukaza na kulegeza, mstari unanenepa na kukonda. Mashine hukandamiza sawasawa mwanzo hadi mwisho, mara nyingi ikiacha nukta inapoanza na inapokoma. Weka sahihi mbili juu ya kioo chenye taa chini. Zikilaliana kabisa, shuku. Hakuna mtu anayesaini sawa mara mbili.

Mwanzilishi: Jamani, swali lilikuwa ni ya nani.

Wakili wa Ngara: Nimeshajibu.

Dalali: Na sebuleni je, mbali na dirisha?

Faili la Kijani: Hapana, mzee. Wino hupauka hata kwa taa ya ndani. Toa pini na klipu, zina kutu. Skani kwa dpi 600 (nukta 600 kwa inchi), nakala ndiyo uitie fremu. Barua yenyewe ilale kwenye jalada lisilo na asidi, ndani ya sanduku, kabatini. Isikae sakafuni wala kwenye ukuta wa nje: masika ya Nairobi hupenyeza unyevu, na ukungu huanzia kwenye mikunjo.