Kikundi cha familia: Safari ya Bibi kwenda Houston, Marekani

Baba Mdogo Elia: Mbukwenyi. Tikiti ya mama nimeiona. Doha ndege inaondoka 08:00, Houston inafika 15:30. Masaa saba na nusu tu, kama basi la Dar. Ataweza.

Mama Neema: Shemeji, hiyo 08:00 ndiyo saa nane mchana?

Neema: Hapana mama, ni saa mbili asubuhi! Naomba mtu asimtajie bibi saa nane, ndege itamwacha Doha peke yake.

Neema: Baba mdogo shikamoo. Hesabu haiendi hivyo. Tikiti inaandika saa za kila mji. Doha saa zao ni sawa na zetu, ila Houston kipindi hiki wako nyuma yetu masaa nane. Bibi akitua 15:30 ya kwao, Dodoma ni saa tano na nusu usiku. Kwa hiyo angani ni masaa 15 na nusu, karibu kilomita 13,000.

Baba Mdogo Elia: Marahaba. 15 bila kutua popote?

Neema: Popote. Na kabla ya hapo Dar hadi Doha, kama kilomita 3,800, karibu masaa sita, halafu anasubiri uwanjani usiku kucha. Toka ndege inyanyuke Dar saa kumi na moja na nusu jioni mpaka Houston ni masaa 30.

Shangazi Tabata: Jamani! Mama miguu inamvimba hata akikaa ibada moja.

Neema: Ndiyo maana nataka siti ya pembeni mwa njia, asimame atembee kila baada ya muda, na maji anywe. Kurudi kuna nafuu, upepo wa juu huko unavuma kwenda mashariki, unaisukuma ndege.

Mama Neema: Na vidonge vya presha? Anameza saa mbili usiku.

Neema: Nimehesabu. Saa mbili ya kwanza yuko njiani kwenda Doha, ya pili yuko njiani kwenda Houston. Zote angani! Vidonge vikae kwenye mkoba wa mkononi, visiingie begi kubwa. Akishafika, ratiba mpya tumuulize daktari wake kabla hajaondoka.

Baba Mdogo Elia: Atajuaje ni saa mbili ya wapi?

Neema: Niko naye hapa Nzuguni, anaijaza ufunguo saa ya marehemu babu. Anasema: "Hii siigusi mshale. Ibaki ya Dodoma, nijue wanangu mmelala au mmeamka."

Baba Mdogo Elia: Mama yangu jamani 🙏🏾

Shangazi Tabata: Basi mkatieni treni ya SGR ya asubuhi, siku moja kabla. Alale kwangu anyooshe miguu. Nitampokea stesheni.

Mama Neema: Nakata leo. Neema, pima begi, mlenda mkavu peke yake umejaa nusu.