Mrejesho: ule ufa kwenye kava la injini ya pikipiki umeziba

Wakuu, niliuliza kama vile vijiti vya kuungia aluminiamu kwa moto mdogo vinaweza kuziba ufa wa kava la injini bila kwenda kwa fundi wa kuchomelea. Vinaweza kabisa, oili haivuji tena.

Kazi kubwa ni usafi aisee. Nimeosha na petroli, nikaacha ikauka kabisa ndo nikawasha tochi ya gesi, kava likipata joto oili iliyojificha kwenye ufa inatoka jasho, unafuta, unarudia mpaka iishe, halafu brashi ya waya ya stenlesi mpaka ing'ae. Aluminiamu inayeyuka nyuzi 660 lakini ule utando wake wa juu unapita 2000, kwahiyo moto hauuondoi, lazima uukwangue.

Alafu unachoma kava sio kijiti! Ukikichoma kijiti kinadondosha vitone vinabingirika tu. Kava likiiva kijiti kinayeyuka chenyewe kikiligusa, pale pale nikakwangua chini ya ule uji kwa kipande cha spoki ukashika. Nimeacha lipoe lenyewe, maji hapana.

Aliyesema nitoboe katundu mwisho wa ufa usiendelee, asante sana mkuu. Ila kwa bomba la ekzosi msijaribu.