Hela ya keki ipo, ya kumjengea mwenzetu njia ya kiti mwendo haipo. Waajiri wa hapa Dodoma mnatuchosha

Wakuu, salamu kwenu. Uzi ni mrefu na naandika nikiwa na hasira, nivumilieni.

Nafanya kazi kampuni binafsi hapa Dodoma mjini, kitengo cha manunuzi. Jina la kampuni silitaji, na tafadhali msinifuate faragha kuniuliza. Tuko wafanyakazi zaidi ya 80 kwenye jengo la kupanga la ghorofa mbili, halina lifti. Ijumaa iliyopita uongozi ulituandalia walichokiita Siku ya Kumthamini Mfanyakazi. Keki, nyama choma, muziki, fulana zilizoandikwa "Sisi ni Familia Moja", mpiga picha wa kukodi. Kufika Jumamosi asubuhi picha zimejaa kwenye kurasa za kampuni na watu wanamwaga pongezi: hongereni, mnajali watu wenu, kampuni nyingine ziige.

Nimezisoma pongezi hizo nikashindwa kuvumilia. Oda za sherehe ile nimeziandaa mimi, kuanzia keki mpaka viti vya kukodi. Najua kila shilingi ilikokwenda. Najua pia nani hayumo kwenye zile picha, na kwa nini hayumo.

Nianze na kaka yetu wa tehama. Anatumia kiti mwendo. Mlango mkuu wa ofisi una ngazi nne na hakuna njia ya mteremko. Kila siku asubuhi akishuka kwenye bajaji inabidi awaite walinzi wamnyanyue. Mmoja anashika mabega, mwingine miguu, na wa tatu anakuja nyuma na kiti. Mtu mzima, baba wa watoto, ambaye mtandao wa ofisi nzima uko mikononi mwake, anapandishwa ngazi mbele ya wateja, shati limepanda mgongoni, na jioni anashushwa vilevile. Choo cha chini kina mlango mwembamba, kiti hakipiti. Siku moja nilimkaribisha chai akakataa, nikamtania kwamba anabania njaa. Akaniambia taratibu kuwa chai ya ofisini alishaacha, na maji hagusi mpaka afike kwake. Mnaoijua Dodoma ya mwezi wa kumi na wa kumi na moja mnajua lile jua. Mtu anashinda na kiu kutwa nzima kwa sababu ya upana wa mlango wa choo.

Sasa sikilizeni. Mwezi wa tatu nilimleta fundi, akapima, akatoa profoma: njia ya mteremko ya zege yenye vyuma vya kushikia, pamoja na kupanua mlango wa choo, vifaa na ufundi, shilingi 1,350,000. Mwenye jengo alikubali kwa maandishi. Nikapandisha makaratasi. Yakarudi na maneno kwamba bajeti hakuna, tusubiri mwaka wa fedha mpya. Julai ikafika nikayapandisha tena. Mpaka leo yamelala mezani kwa mtu. Lakini sherehe hii ya Agosti, yenye bili ya shilingi milioni 7 na ushee, iliidhinishwa ndani ya siku mbili, mpishi akalipwa nusu kabla hata hajawasha jiko. Kwa hiyo mtu asinieleze habari ya bajeti. Fedha ipo, nimeiona inatoka.

Na siyo suala la huruma, ni sheria. Sheria ya Watu wenye Ulemavu Na. 9 ya 2010 inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi ahakikishe asilimia 3 ni watu wenye ulemavu. Kwa idadi yetu tulipaswa kuwa nao wawili au watatu. Tunaye mmoja, na huyo mmoja hana hata pa kujisaidia.

Sherehe ikafanyiwa ukumbi wa juu. Mnajua kilichotokea. Hakuna aliyeshuka kusema tumpandishe, na yeye hakutaka kubebwa ngazi zote zile mbele ya watu waliovaa vizuri. Alibaki kwenye meza yake chini, akapelekewa sahani imefunikwa kwa foili. Huku juu mkurugenzi ameshika kipaza sauti anasema katika kampuni hii hakuna anayeachwa nyuma, na watu wanapiga makofi. Wengine tuliangaliana tu.

Twende kwa mama wa usafi. Nilipoandaa oda ya fulana niliweka na idadi ya watu wa usafi na walinzi. Afisa utumishi akaikata kwa kalamu nyekundu: "Hao si wetu, ni wa wakala." Sawa, mkataba wao uko kwa wakala. Lakini huyu mama anaingia ofisini saa kumi na moja na nusu alfajiri kabla yetu sote. Vumbi la upepo wa Agosti wa mji huu analifagia yeye, bila barakoa, na glavu zake zimetoboka vidole. Tukifika meza zinang'aa. Ndiye anayejua nani anaumwa kisukari asiwekewe sukari kwenye chai. Halafu siku ya kuthaminiana anaitwa saa moja usiku kuja kufagia mabaki ya keki. Aliniuliza, "Mwanangu, hizi fulana wamepewa wote?" Nilimpa yangu. Alifurahi, na ile furaha yake ndiyo iliyoniumiza zaidi kuliko kama angenitukana.

Mshahara wake unachelewa karibu kila mwezi, na ofisini watu husema wakala yule tapeli. Si kweli, au tuseme si kweli yote. Ankara ya wakala inakuja kwetu mapema. Inakaa kwenye trei ya mhasibu wiki mbili, wiki tatu, kwa kuwa hakuna mkubwa anayeumia ikichelewa. Naiona kila nikipita. Wanaochelewesha unga wa huyu mama ni sisi, tuliokaa juu tunakata keki ya familia moja.

Na mlinzi. Hili ndilo limenifanya niandike uzi huu.

Mzee wetu wa getini ni Mgogo, analima zabibu kule Mpunguzi na amesomesha watoto kwa shamba hilo. Ijumaa alipanda juu mara moja tu, kuleta ufunguo wa gari la mgeni. Mshereheshaji akamwona, akasema kwenye kipaza sauti, "Mzee, leo usinyooshe mkono, sahani yako ipo." Ukumbi mzima ukacheka. Wenyeji wa hapa mnaelewa kicheko kile kinatoka wapi. Miaka nenda rudi Mgogo akitajwa watu wanasema ombaomba, kana kwamba ukame na njaa za kanda hii ya kati walizitengeneza wao. Mzee aliukabidhi ufunguo kwa mikono miwili, akageuka, akashuka. Hakuna mkubwa hata mmoja aliyemkataza yule mshereheshaji. Mkurugenzi mwenyewe alikuwa anafuta machozi ya kucheka.

Mpango wa kuhamishia makao makuu hapa ni wa tangu 1973, lakini wimbi la watu limekuja kuanzia 2016 serikali ilipohamia kweli. Kampuni zikafuata, na sisi wafanyakazi wao tukafuata, wengi tumetoka Dar na mikoa mingine. Tumepokewa vizuri sana. Wazee wa hapa wanatusalimia "mbukwenyi" hata kama hatujui kuitika. Wahenga walisema mgeni njoo mwenyeji apone, na ofisi hizi mgeni kaja, mwenyeji amewekwa getini kisha anachekwa. Hesabuni kwenye ofisi zenu: Wagogo na Warangi wangapi wako kwenye meza za maamuzi, na wangapi wako kwenye fagio na geti? Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini Na. 6 ya 2004, kifungu cha 7, inakataza ubaguzi kazini, na kabila na mahali mtu anakotoka vimetajwa humo waziwazi, pamoja na ulemavu na ujauzito. Kifungu hichohicho kinamtaka mwajiri asajili kwa Kamishna wa Kazi mpango wa kukuza fursa sawa. Nimemuuliza afisa utumishi wetu kuhusu mpango huo. Alinitazama kama namsimulia habari za nchi nyingine.

Yupo pia dada yetu wa mapokezi, amerudi kutoka likizo ya uzazi ya siku 84, mtoto bado ananyonya. Sheria hiyohiyo inampa nafasi ya kwenda kumnyonyesha hadi saa mbili kwa siku, ndani ya muda wa kazi. Anakaa Nala, kwenda na kurudi mchana haiwezekani. Akaomba muda huo auweke jioni, atoke mapema. Akajibiwa, "Hapa si kliniki, dada." Sasa anakamulia maziwa kwenye stoo ya karatasi, amesimama, mlango ameuzuia kwa boksi kwa sababu hauna komeo. Maziwa anayamwaga kwenye sinki maana friji ni ya vinywaji vya wageni. Na siku ya sherehe amepewa cheti cha "tabasamu bora la mwaka". Nilimwona akikipokea. Alitabasamu, angefanyaje?

Mengine nayapitia haraka, kila mtu ana yake. Wiki za kufunga hesabu tunavuka saa 45 za kisheria na malipo ya ziada ya mara moja na nusu tunayasikia redioni. Likizo ya siku 28 inaahirishwa mpaka mtu anaona aibu kuiomba. Saa nne usiku meseji za kazi zinaingia kwenye kundi la WhatsApp, na usipojibu, asubuhi unafokewa mbele ya wateja.

Nasikia wengine mnasema hivyo ndivyo maofisi yalivyo. Si kweli. Tulikuwa na meneja mmoja, sasa amehama mkoa. Akiingia asubuhi anaanzia getini, shikamoo mzee, habari za shamba. Fomu za saa za ziada alikuwa anazisaini siku hiyohiyo. Mtu akikosea anamwita ofisini, anafunga mlango, wanaongea. Ukifanya vizuri anakwambia hasa ulichofanya: ile bei ya karatasi uliyoibishania imetuokoa. Keki hakuwahi kukata, lakini alipoondoka mama wa usafi alilia na kaka wa tehama alimsindikiza mpaka kwenye gari, kwa maana ya mpaka mwisho wa ngazi zile nne.

Kwa hiyo wakubwa, kama kuna yeyote wa utawala anapita humu: msitufanyie sherehe. Hamkuombwa. Chukueni milioni moja na laki tatu na nusu mmwage zege mlangoni. Wekeni komeo kwenye stoo, au mmpe dada saa zake mbili kama sheria inavyosema. Lipeni ankara ya wakala ndani ya wiki. Mkamwombe radhi yule mzee, na muifanye palepale ukumbini, mbele ya haohao waliocheka. Mkishamaliza hayo, hata msipotupa soda hatutalalamika.

NYONGEZA: Nimeona majibu. Kuna anayesema niache kazi kama siipendi. Kazi naipenda, na nikiondoka kaka wa tehama ataendelea kubebwa. Mwingine anasema haya ni mambo ya Wazungu, Mwafrika anataka mshahara tu. Ndugu yangu, kumwamkia mzee na kumpisha mama mwenye mtoto tulifundishwa nyumbani na bibi zetu. Hakuna Mzungu hapo.

Aliyenikumbusha Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, ahsante sana. Kwa wasiojua: ukiachishwa kazi una siku 30 za kupeleka mgogoro, na mingine yote siku 60, unaanza kwa kujaza Fomu Na. 1. Msikae mkisubiri mpaka muda upite.

Ninachoomba kwa walioko Dodoma ni hiki. Kama umewahi kumpeleka mwajiri kwa afisa kazi kwa ajili ya mazingira ya mwenye ulemavu, nieleze ulianzia wapi, ulipeleka vielelezo gani, na ilichukua muda gani. Profoma ya fundi na barua ya mwenye jengo ninazo, nakala nimeshatoa. Na kina dada mliowahi kupewa saa za kunyonyesha kwa maandishi, nitumieni namna barua yenu ya maombi ilivyoandikwa, majina mfute. Jumatatu nataka nikae na yule dada tuandike ya kwake.