Likizo ndani ya nchi au nje: ipi inakula fedha zaidi, na ipi ina raha zaidi?

Kigoda

Wakuu, salamu kwenu. Mimi na mwenzangu tumebahatika likizo zetu kuangukia wakati mmoja, wiki mbili kamili, na tuna mtoto wa miaka saba. Mwenzangu anataka twende nje ya nchi. Mimi naona tubaki humu humu, tuzunguke na gari letu, tulale kwenye hoteli za maana kidogo.

Kila tukikaa kupiga hesabu tunaishia kununiana. Yeye analinganisha bei ya chumba, mimi nalinganisha nauli. Chumba cha huko anakotaka ni cha bei nafuu kuliko cha hapa, hilo silikatai. Lakini tiketi tatu za ndege, jamani! Mliokwisha kufanya yote mawili, mnalinganishaje? Naomba tu mtu asinijibu "inategemea" halafu akaondoka.

Mzee wa Daftari

Mkuu, nyote wawili mko sahihi, ndiyo sababu hamuelewani. Likizo ina gharama za aina mbili. Ya kwanza unalipa mara moja, ukae siku mbili au ishirini: nauli ya kwenda na kurudi, viza, bima. Ya pili inakudai kila kukicha: kulala, kula, kuzunguka, viingilio. Ukienda nje, ile ya kwanza ni kubwa na ya pili huweza kuwa ndogo. Ukibaki ndani, mambo yanageuka.

Chukua namba za mfano, za fedha yoyote unayopenda. Mtu mmoja anaenda nje: 600 za kufika na kurudi, kisha 40 kwa siku. Akibaki ndani: 60 za usafiri, kisha 100 kwa siku. Kwa siku nne, nje ni 760 na ndani ni 460, hakuna ubishi. Siku ya tisa zinalingana, kila upande 960. Akikaa siku kumi na nne, nje ni 1,160 na ndani ni 1,460. Nje imeshinda.

Sasa njoo kwako. Nauli inazidishwa kwa vichwa, chumba hakizidishwi. Weka 1,800 za safari kwa watu watatu na 80 kwa siku kule. Hapa weka 60 za mafuta ya gari na 200 kwa siku. Kwa siku kumi na nne unapata 2,920 nje, 2,860 ndani. Tofauti ni 60! Kwa wiki mbili fedha haitawaamulia, mtaamua kwa mengine. Wiki moja ingekuwa hadithi nyingine kabisa. Jaza namba zako halisi pale nilipoweka zangu, kisha mpe mwenzako daftari aangalie mwenyewe.

Tumbo Joto

Mzee umewaharibia. Walikuwa na kitu cha kugombania, sasa hata hicho hawana.

Karani wa Viza

Hesabu ya Mzee naikubali, ila nimekaa miaka kwenye dawati la kukata tiketi na najua pale kwenye "kufika na kurudi" watu huandika nauli peke yake. Ngoja niwaoneshe yanayosahaulika.

Mfano viza ya Schengen, ile moja inayokuingiza nchi nyingi za Ulaya. Tangu Juni 2024 ada ni euro 90 kwa mtu mzima na euro 45 kwa mtoto wa miaka sita hadi kumi na moja. Familia kama ya Kigoda, ikiwa pasipoti zao zinahitaji viza, ni euro 225 kabla ya ada ya kituo kinachopokea maombi. Ukinyimwa, ada hairudi. Bima ya safari ni lazima, yenye kinga isiyopungua euro 30,000. Na maombi hayapokelewi mapema zaidi ya miezi sita kabla ya safari wala chini ya siku kumi na tano, kwa hiyo ile tiketi ya bei poa unayoiona leo ya safari ya mwakani unaikata kwa kubahatisha.

Pasipoti nayo. Schengen wanataka iwe hai angalau miezi mitatu baada ya tarehe ya kutoka kwao; nchi nyingi nyingine wanataka sita. Nimeona familia inarudishwa kaunta kwa sababu ya pasipoti ya mtoto, maana za watoto huisha muda mapema kuliko za wazazi na hakuna anayezikumbuka. Chanjo ya homa ya manjano, pale inapotakiwa, huanza kutambuliwa siku kumi baada ya sindano. Uzuri wake, tangu 2016 cheti kinadumu maisha yote.

Halafu kuna tozo za huko huko. Japani walianza 2019 kukata yen 1,000 kwa kila anayeondoka, ila hiyo imo ndani ya tiketi na huisikii. Bhutan, ile nchi ndogo ya milimani huko Asia, ni dola 100 kwa mtu mzima kwa kila usiku, na hiyo utaisikia. Mji wa Venice, Italia, walianza 2024 kutoza wanaokuja kutwa na kurudi, euro 5, kwa siku walizozipanga.

Yote haya unayaandika kwenye ile gharama ya mara moja, isipokuwa ya Bhutan.

Ndani Kwanza

Karani amenisaidia kazi. Mnasahau kwamba ukiwa kwenu wewe ni mwenyeji, na sehemu nyingi duniani mwenyeji na mgeni hawalipi sawa mlangoni. Taj Mahal mgeni analipa rupia 1,100, Mhindi analipa 50. Visiwa vya Galápagos vya Ekwado, tangu Agosti 2024, mgeni kutoka mbali analipa dola 200, raia wa Ekwado 30. Watu wanapanda ndege saa kumi na nne kwenda kulipa bei ya mgeni, na vivutio vya kwao ambavyo wangelipa bei ya mwenyeji hawajawahi kuviona hata siku moja.

Na msidhani wanaobaki ndani ni wachache au ni wale walioshindwa nauli. Shirika la utalii la Umoja wa Mataifa lilikadiria kwamba mwaka 2018 zilifanyika safari za ndani zipatazo bilioni 9, mara sita ya safari za kuvuka mipaka. Yaani likizo ya kawaida ya binadamu ni ya ndani. Ile ya nje ndiyo inayopigwa picha.

Binti Safari

Kaka Ndani Kwanza, kiingilio cha bei nafuu sikatai. Shida ya likizo ya ndani haipo mlangoni, ipo kwenye simu. Ukiwa nchini, kazini wanakuona uko karibu. "Samahani kukusumbua, dakika mbili tu." Ndugu nao wakisikia mko njia ile, lazima mpite, na mkipita lazima mlale. Siku ya tatu likizo imekuwa ziara ya kifamilia. Mimi nawapenda ndugu zangu, lakini naomba tusiiite mapumziko.

Nikishavuka mpaka, bosi anaacha mwenyewe. Hiyo ndiyo raha ninayoilipia. Bahari na milima ni nyongeza.

Ndani Kwanza

Dada, zima simu. Bure kabisa.

Binti Safari

Wewe huzimi, na unajua huzimi.

Lakini kuna jambo moja nitakupa, kwa sababu lilinishangaza. Mwaka 2010 watafiti wa Uholanzi walichapisha utafiti wa watu zaidi ya 1,500, wakilinganisha furaha ya waliokwenda likizo na wasiokwenda. Waliokuwa na safari mbele yao walikuwa na furaha zaidi kabla ya kuondoka. Wakisharudi, wengi hawakuwa na tofauti na waliobaki, isipokuwa wale waliosema likizo yao ilikuwa ya kupumzika hasa. Nafikiri safari ya nje inapendeza kwa sababu tunaipanga miezi mingi na kuingoja. Ya ndani tunaiamua Alhamisi jioni, Ijumaa tumeondoka, hatukupata hata muda wa kuitamani. Ukiishika hoteli ya hapa hapa miezi minne mapema na kumwekea mtoto tarehe ukutani, sehemu kubwa ya raha ya nje umeipata.

Mama Pacha

Naongea kama mama wa wawili. Hizo siku kumi na nne za Mzee si kumi na nne. Safari ya mbali inakula siku ya kwenda na ya kurudi, na ikiwa saa za huko zinapishana sana na za kwenu mwili unahitaji takriban siku moja kwa kila saa ya tofauti ndipo utulie. Mtu mzima anajikaza. Mtoto wa miaka saba anaamka saa tisa usiku anauliza kwa nini hakujakucha, na wewe umelipia chumba ili ulale.

Kwa gari lenu mnasimama mnapotaka, mizigo haipimwi, na mtoto akichoka mnageuza. Kwangu hilo lina thamani kuliko kivutio chochote. Wakifika miaka kumi na miwili nitabadilisha mawazo, watabeba mabegi yao wenyewe.

Mzee wa Daftari

Mama Pacha ametia hoja nzito, narudi kwenye daftari. Toa siku mbili za njiani kwa safari ya nje, moja kwa ya ndani. Ile 2,920 ukigawa kwa siku 12 ni kama 243 kwa siku ya raha. Ile 2,860 kwa siku 13 ni 220. Ndani imechukua uongozi, si kwa umbali mkubwa.

Ila namba za nje hazitulii. Kati ya siku ya kukata tiketi na siku ya kuondoka, thamani ya fedha inaweza kukubeba au kukutosa. Katikati ya 2024 yen ilishuka dhidi ya dola hadi kiwango ambacho hakikuonekana tangu 1986. Mwenye dola aliiona Japani imeshuka bei bila hoteli kupunguza chochote, na mwaka huo Japani ilipata wageni wengi kuliko mwaka wowote uliotangulia. Mjapani aliyetaka kwenda nje mwaka huo huo alikaa nyumbani akasonya. Kwa hiyo kabla ya kuniuliza nje au ndani, angalia fedha yako imesimamaje na ya huko.

Na ukienda: mashine ya kadi ikikuuliza ulipe kwa fedha ya kwenu au ya kwao, chagua ya kwao. Ukichagua ya kwenu, wanakubadilishia wao kwa kiwango chao, na kiwango hicho hakikuwekwa kwa ajili yako.

Kigoda

Wakuu, mmenifungua macho. Nimejaza namba zangu kama Mzee alivyosema, na nje inazidi ndani kidogo, si kwa kiasi nilichokuwa napigia kelele. Mwenzangu amesoma uzi wote na amekuja na wazo la tatu: tuvuke mpaka kwa gari, nchi jirani, ambako hatuhitaji viza. Nauli ya ndege inafutika, na ya Binti Safari ya kutopatikana kwa simu tunaipata. Kuna mtego hapo?

Tumbo Joto

Mtego ni kwamba mwenzako ameshinda.

Karani wa Viza

Wazo zuri, na katika hesabu ya Mzee ndilo linalofanya vizuri kuliko yote mawili, kwa sababu ile gharama ya mara moja inakaribia ya ndani huku ya kila siku ikiwa ya nje. Ulizia mambo haya kabla hamjawasha gari. Bima ya gari nyingi huishia mpakani, kwa hiyo mwulize mwenye bima kama unaweza kuongezewa au utanunua nyingine palepale. Kadi ya gari iwe na jina la mmoja wenu. Kama gari ni la mkopo au la mtu, beba barua ya ruhusa. Cheti cha kuzaliwa cha mtoto kiwe kwenye begi la mkononi, na ikitokea mzazi mmoja anatangulia, anayebaki na mtoto awe na barua ya mwenzake. Laini ya simu nunueni ya kule mkishavuka.

Na pita mpakani asubuhi, katikati ya wiki. Ijumaa jioni foleni ya malori itakula nusu siku ya likizo yenu.