Fremu ya pikipiki yangu imerudi kutoka kwa wapaka rangi ikiwa imeharibika, na namba iliyogongwa kwenye chuma haisomeki!

Wakuu, nina hasira na sitaificha.

Tangu baridi ianze nimekuwa nikishinda kwenye karakana yangu ya nyumbani kila jioni baada ya kazi. Pikipiki yangu, Yamaha XS650, nimeifumua yote: injini iko chini, foko za gurudumu la mbele ziko pembeni, kila waya nimeufungia kikaratasi chenye jina. Mkia wa fremu nimeukata na kuchomelea bomba la kupinda nyuma ya kiti kwa mikono yangu, vidole vikiwa vimekufa ganzi.

Rangi ndiyo kazi pekee niliyoitoa nje. Rangi ya kupuliza haitaki banda lenye baridi na unyevu, inakauka vibaya na kupata ukungu. Nikachagua rangi ya unga, ile inayookwa kwenye joto la nyuzi 180 hadi 200, na tanuri la kumeza fremu nzima sina. Nikawapelekea na mchoro. Ziba vikalio vya beringi za usukani (pale vikombe vyake vinapokaa) shingoni mwa fremu, juu na chini. Ziba matundu yote yenye nyuzi za bolti. Acha chuma kitupu pale waya wa hasi unapofungwa. Na mnapoondoa rangi ya zamani kwa kupuliza mchanga, namba ya fremu msiipige mchanga kabisa. Mpokeaji akausoma mbele yangu, akaweka saini.

Waliahidi wiki 2, zikawa 6. Na hawakuziba hata tundu moja!

Tabaka la unga ni kama sehemu ya kumi ya milimita, lakini kikalio cha beringi kimechongwa kwa vipimo vya sehemu za mia. Kikombe cha beringi hakiingii. Ukikigonga kwa nguvu kinakaa upande, na hata kikikubali, rangi iliyobanwa chini yake itakuja kuachia na usukani utalegea ukiwa barabarani. Bolti za injini hazishiki. Unga haupitishi umeme, kwa hiyo pale pa waya wa hasi lazima nikwangue rangi mpya niliyoilipia. Na kila nikiigeuza fremu, mchanga unamwagika kutoka ndani ya mabomba. Huo mchanga ukifika kwenye beringi ndio mwisho wake.

Hayo yote ningeyatengeneza kwa uchungu. Namba ya fremu siwezi. Wameipiga mchanga hadi imelainika, kisha wakaifunika kwa rangi. Mkaguzi akikuta namba haisomeki, wazo lake la kwanza ni wizi, na hati zangu zinabaki karatasi zisizolingana na chuma chochote.

Nilipopiga simu nikaambiwa, "Pitisha tapu tu kwenye nyuzi, ni kawaida ya kazi hii." Tapu ni kile chombo cha kukata nyuzi za bolti ndani ya tundu. Kawaida ya nani? Vizibo vya silikoni na utepe unaohimili joto la tanuri vimetengenezwa kwa ajili hii hii! Na kwenye namba hiyo tapu nipitishe wapi?

Nimedai warudishe pesa yote na waniandikie barua ya kukiri kwamba wao ndio walioifuta namba. Picha za kabla ya kuipeleka ninazo, namba inasomeka vizuri kabisa. Mchoro wenye saini yao ninao pia.

Barafu nje imeanza kuyeyuka na pikipiki yangu bado iko kwenye maboksi. Kama kuna aliyewahi kuhalalisha fremu ambayo namba yake imefutwa na fundi, anieleze alianzia wapi. Na unga wa kwenye vikalio, mliutoa kwa dawa au kwa kukwangua? Sitaki chuma kiguswe tena na mchanga.